Kahonzi na Nyayo za Baba Mkwe

Kahonzi alikuwa mfagiaji, lakini ufagio hakuushika. Alifagia kwa vidole, ameketi kitini, kila Ijumaa alasiri, katika chumba kilicho juu ya duka la magodoro mjini Malindi. Joto la chumba kile, wanasema, lilimshusha mjusi ukutani akaja kuomba maji ya kunywa kama mtu.

Humo waliandika programu ya simu. Mama mjamzito wa kule ndani, Langobaya na kuendelea, uchungu ukimshika, mhudumu wa afya wa kijiji chake hubonyeza simu, na papo hapo kengele hulia katika simu za bodaboda walio karibu. Wa kwanza kuitika humpeleka mama hospitali. Ni jambo dogo ukilisikia. Ukubwa wake utaujua siku litakapokukosa.

Walioiandika walikuwa watatu. Mkubwa wao, Mwaringa, alikuwa mwalimu mstaafu aliyejifunza kompyuta ndevu zikiwa zimeshaingia mvi. Alijifunza kweli, wala hakuna aliyemcheka, ila vidole vyake vilikuwa vizito na hasira zake nyepesi. Wa pili alikuwa Mutuku, kijana wa Kitui, mpole, ambaye hata mwaka hakuwa ameumaliza pwani. Wa tatu ndiye Kahonzi, mzaliwa wa Gede, mke wa Kambi. Na Kambi ni mtoto wa Mwaringa. Ndiyo kusema huyu bibi alikula mshahara meza moja na baba mkwe wake, jambo ambalo wazee wa zamani wangelisikia wangerudi kaburini wenyewe bila kusindikizwa.

Kwani mkwe si mtu wa kuchezewa. Katika nyumba ile ya Ganda, mkazamwana hamtaji baba mkwe kwa jina. Humwita Baba, na akilazimika kumweleza kwa wageni husema "mwenye nyumba" au "babake Kambi". Kulitamka jina lenyewe ni kumvua mzee nguo barazani. Tangu siku tembo la mnazi la posa lilipopelekwa kwao Gede, Kahonzi hakulitamka. Siku moja bodaboda alimsimamisha njiani akamwuliza, "Dada, wamjua Mwaringa?" Akajibu, "Namjua yule anayeitwa hivyo." Bodaboda akaenda zake akitikisa kichwa.

Sasa, kazi yao waliiweka katika ghala moja huko mtandaoni, na ghala lile lina tabia ya wifi mbaya: halisahau. Ukibadili neno moja tu, linaweka: aliyebadili ni fulani, na sababu aliyoiandika mwenyewe ni hii. Mabadiliko hujipanga moja juu ya jingine, na hayo ndiyo historia ya kazi. Ni kama nyayo katika mchanga wa uani. Atakaye hurudi nyuma, akafuata unyayo kwa unyayo, akajua nani alipita na alikuwa akienda wapi.

Lakini mtu mwenye adabu hawakaribishi wageni katika ua uliochakurwa na kuku. Kwa hivyo kabla ya kuitoa kazi, waandishi huisafisha kidogo. Badiliko hili hukunjwa ndani ya lile, "nimekosea" na "nimerekebisha" zikawa kitu kimoja kisafi chenye neno moja la maana. Sharti lake ni hili: fagia nyayo zako mwenyewe, na ufagie kabla wenzako hawajaingia uani. Kahonzi alilijua sharti hilo kuliko njia ya kwao. Mutuku alizoea kumwambia, "Dada Kahonzi, wewe ukishafagia, hata mchwa akipita anateleza."

Wiki ile Baba alikuwa akiijaribu kengele. Alipobonyeza mara ya kwanza, simu za bodaboda wote wa Malindi zililia kwa pamoja. Wakaja. Walikuja kutoka Maweni, wakaja kutoka sokoni, na wapo wanaoapa kwamba wengine walikatiza baharini na samaki wakawapisha. Wakajaa mbele ya duka la magodoro, honi juu ya honi. "Mama yuko wapi? Mama yuko wapi?" Mwenye duka, bwana wa makamo mwenye kitambi cha heshima, akatoka kutazama kuna nini. Bodaboda mmoja akamwangalia kitambi, akapangusa kiti cha nyuma, akamwambia, "Panda taratibu, wala usiogope."

Mji ulicheka hadi jioni. Mwaringa hakucheka. Alipanda ngazi, akaizima kengele ndani ya programu ili ajaribu mengine kwa utulivu, na katika sababu akaandika: "Nimezima kengele kwanza. Nitairudisha." Yakafuata mengine, kila moja na neno lake. "Nimekosea." "Samahani." "Nimekosea tena." "Hii mashine ina pepo." "Mungu nisaidie." Na mwisho kabisa: "Sasa ni sawa."

Ijumaa ikafika, na Jumatatu alikuwa anakuja Bi. Damaris. Huyo alikuwa mwanamke wa Rabai, ndiye msimamizi wa shirika lililowapa kazi, na tabia yake ni kuifungua historia mbele ya wote na kuisoma kwa sauti ya kanisani. Kahonzi akaona kila kitu kama kimeshatokea: Bi. Damaris anasoma "Hii mashine ina pepo", watu wanajiziba midomo, na Baba ameketi pale na mvi zake, anatazama viatu.

Moyo ukamwambia, msitiri.

Zile hazikuwa nyayo zake, na zilikuwa zimeshaingia ghalani. Angemwomba mwenyewe ruhusa? Ataanzia wapi mkazamwana kumwambia mkwewe, "Baba, nataka kuufichaficha upuuzi wako"? Basi hakuuliza. Aliyachukua mabadiliko yote ya Baba, akayakunja ndani ya badiliko lililokuwa chini yake, na badiliko hilo lilikuwa la Mutuku. Ghala lina desturi yake: kikunjwacho huchukua jina la kilichokipokea. Hilo nalo alilijua. Akajisemea, kazi ni nzuri, asifiwe Mutuku, kuna ubaya gani? Ndani hakufunua kutazama. Aliliona lile "Sasa ni sawa" akaridhika nalo. Akaisukuma historia mpya ghalani kwa nguvu, ikakalia mahali pa ile ya zamani, kisha akawaandikia wenzake: "Nimesafisha. Futeni nakala zenu, mchukue hii mpya." Wakafuta, kwa kuwa walimwamini.

Na lile neno "Nitairudisha", ambalo lingeweza kumkumbusha mtu yeyote mwenye macho, likatoka na takataka.

Jumatatu Bi. Damaris alikuja, akasoma, akasifu, na siku ileile kazi ikatolewa kwa wahudumu. "Ua umefagiwa," alisema. Kahonzi alitembea kwenda nyumbani akihisi miguu haigusi chini.

Jumanne, huko Langobaya, uchungu ukamshika mwanamke mmoja aitwaye Kabibi. Mhudumu wa kijiji akabonyeza simu. Akabonyeza tena. Akabonyeza hadi kidole kikamuuma. Bodaboda alikuwa umbali wa sauti tu, amekaa dukani anacheza drafti, simu yake mfukoni kimya kama kaburi. Hakujua lolote. Watu wakamlaza Kabibi kwenye mkokoteni wa kubebea maji, wakausukuma, na mtoto hakungoja. Alizaliwa kando ya barabara, leso za wanawake zimezungushwa kuwa kuta. Wa kiume, mzima, akaitwa Charo, jina wapewalo waliozaliwa safarini. Lakini mama yake alitokwa na damu nyingi. Alipofika hospitali alikuwa hajui ni nani anamwita.

Habari ilifika chumba cha juu ya duka la magodoro kabla ya saa sita. Mutuku akaiwasha kengele palepale. Kisha Bi. Damaris akapiga simu, na sauti ya kanisani haikuwako tena.

"Alhamisi nakuja," alisema. "Aliyezima kengele nataka jina lake, na siku hiyohiyo atoke katika kazi hii. Mama wa watu anaongezewa damu."

Kulipata jina si kazi. Unauchagua mstari, unaliuliza ghala, linakujibu. Mutuku ndiye aliyeuliza. Akalisoma jibu tena na tena, halafu akaita kwa sauti ndogo.

"Dada, hebu njoo uone kitu."

Kahonzi akaenda. Alikuwa ameshajua kabla hajafika.

"Huu mstari sikuuandika," Mutuku alisema. "Lakini jina ni langu. Tazama. Ni langu kabisa."

"Labda..."

"Labda nini? Labda niliandika nimelala?" Akajaribu kucheka, kicheko kikagoma. "Nimejiuliza tangu habari ilipofika. Nimekumbuka kila nilichokigusa. Mtu anaweza kufanya jambo kama hili asijue? Niambie, dada, wewe unanijua. Mimi ni mtu wa kusahau hivyo?"

Kahonzi alifungua mdomo. Yalikuwapo maneno mle, mengi, yakasongamana mlangoni kama watu wa sinema, hakuna lililotoka. Wakati huohuo Baba akaingia. Uso wake ulikuwa umelainika, kama mtu aliyetoka kuoga. Akamvuta Kahonzi kando, penye kimtungi cha maji.

"Mwanangu, nikwambie ukweli? Nilipoisikia habari hii niliikimbilia kompyuta. Nilidhani ni mimi."

"Baba?"

"Nilikumbuka kama niliigusa ile kengele. Nikafungua historia, nikalitafuta jina langu kama mtu atafutaye nge kitandani. Nikashuka chini, nikapanda juu. Halimo!" Akashika kifua. "Nikamshukuru Mungu hadi machozi. Uzee huu, mtu hujisingizia mwenyewe. Kumbe ni huyu kijana wa bara. Naye aende kwao, maana angetuulia watu."

Alikuwa hasemi uongo. Hilo ndilo lililomkata Kahonzi maini. Alifagia hata kumbukumbu ya mwenye nyayo, mzee akaiamini mashine kuliko kichwa chake.

Nyumbani Ganda, Kahonzi alimweleza Kambi yote jua halijatua, wameketi nyuma ya jiko, yeye anachambua mchicha na hauoni. Kambi alikuwa fundi wa milango, mtu wa kupima mara nyingi kabla ya kukata. Akapima.

"Hayo ya zamani yako wapi sasa?"

"Katika kompyuta yangu peke yake. Ukifagia, taka hukaa nyuma ya mlango kwa muda. Hazizolewi mara moja."

"Basi zizoe."

"Kambi!"

"Zizoe, Kahonzi. Mutuku ni kijana, ana elimu, Mombasa watamchukua, Mtwapa watamchukua. Baba akitolewa pale kwa aibu, ni nani atampa hata kiti? Atakaa hapa uani anaizeekea aibu yake, na kila asubuhi atakuona wewe." Akashusha sauti. "Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Umemwosha. Nyamaza."

"Baba yu hai, mume wangu. Anayezikwa ni Mutuku."

"Ukimtaja mzee mbele ya watu, mimi na wewe tutalala wapi?"

"Na Mutuku alale wapi?"

Kambi aliokota jani la mchicha chini, akalirudisha kwenye ungo, akainuka. Kahonzi akabaki na ungo wake. Kwa muda alifikiri kuzizoa kweli. Amri yake ni fupi, haizidi urefu wa jina la mtu. Ingekwisha kabla maji hayajachemka, na duniani kusingekuwa na ushahidi isipokuwa yeye. Lakini akikumbuka jinsi Mutuku alivyojaribu kucheka, mikono ilikuwa inaanguka yenyewe.

Kesho yake aliwahi ofisini. Alimsubiri Baba, akampa kiti, yeye akasimama, akaifungua kompyuta mbele yake bila kusema. Taka zote za nyuma ya mlango zikatoka. Mwaringa akasoma. "Nimezima kengele kwanza. Nitairudisha." Akasoma "Samahani" zake zote, na lile pepo lake. Midomo ilimcheza kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Chini dukani mtu alikuwa anapiga godoro kuondoa vumbi, pu, pu, pu.

"Nani mwingine ameyaona haya?"

"Kuona, hakuna. Kambi nimemwambia."

"Funga."

"Baba, Mutuku kesho..."

"Nimesema funga, mwanangu." Hakupaza sauti. "Uliyafagia wewe. Nilikutuma?"

"Hukunituma."

"Yangebaki palepale, mimi ningeliona neno langu Jumatatu, ningeirudisha kengele, na yule mama angezaa kitandani. Au sivyo? Sasa umelificha, umeshaliua, wataka unizike nalo."

Kahonzi akafunga kompyuta. Lililomtesa ni kwamba mzee hakuwa amekosea hata neno moja.

Alhamisi asubuhi aliingia kabla ya wote na kufanya jambo ambalo alikuwa hajaamua hata alipokuwa akipanda ngazi. Aliyatoa mabadiliko ya zamani nyuma ya mlango, akayarudisha ghalani yote, pamoja na pepo. Alijipa moyo hivi: sitamtaja mtu. Ghala litasema, watasoma wenyewe, mdomo wangu utabaki safi.

Bi. Damaris akaja, akaketi, akafungua. Mutuku alikuwa amevaa shati jeupe, kama mtu aendaye kusikia hukumu. Bi. Damaris akasoma kimya, akasoma tena, akainua macho.

"Hii historia Jumatatu haikuwa hivi."

"Haikuwa," Mwaringa alisema upesi. "Mimi pia nimeshangaa. Mwulize Kahonzi, ndiye mfagiaji."

"Kahonzi?"

"Niliikunja Ijumaa, Bi. Damaris. Leo nimeikunjua."

"Ahaa," alisema Mwaringa, na sauti ya ualimu ikamrudia. "Ameikunja Ijumaa. Ameikunjua leo. Sasa mtu awezaye kuipanga historia jana hivi na leo vile, ya lini ndiyo ya kweli? Kesho si atatuletea nyingine yenye jina lako?"

Bi. Damaris akavua miwani. Alikuwa mwanamke wa haki na haki ilimbana. "Ana hoja," alisema polepole. "Siwezi kumtoa mtu kazini kwa ushahidi uliokwisha kushikwashikwa."

Kahonzi alidhani ghala litamsemea. Kumbe ua ukishaufagia mara moja, hata unyayo wa kweli utakapourudisha utaonekana umeuchora kwa kidole.

"Basi iwe mimi," Mutuku alisema. Alikuwa anatazama mezani. "Kama jina ni langu, na liwe langu. Nimechoka kujitafuta humo ndani."

"Nyamaza kwanza, kijana." Bi. Damaris aliisukuma kompyuta kando. "Kahonzi. Siulizi mashine sasa, nakuuliza wewe. Nani aliizima kengele?"

"Mwenye nyumba," Kahonzi alisema.

"Nyumba gani? Nataka jina."

"Babake Kambi."

Mwaringa akakohoa. "Akina Kambi ni wengi pwani hii," alisema.

Alikuwa anamjua mkazamwana wake. Alijua mlango pekee uliobaki ni upi, na alijua kwamba mbele ya mlango huo kuna ukuta ambao mama zake Kahonzi na bibi zake hawakuupanda. Akakaa pale nyuma ya ukuta wake, salama. Kahonzi alimtazama. Akamtazama Mutuku na shati lake jeupe.

"Mwaringa," alisema.

Jina lilitoka dogo, kama kitu kilichodondoka. Wanaosimulia husema mwenye duka huko chini aliacha kupiga godoro, mkono ukabaki hewani, wala hakujua kwa nini.

"Mwaringa ndiye aliyezima. Nikamfagilia mimi, bila kuambiwa. Mutuku hakugusa kitu."

Halafu Bi. Damaris akavaa miwani yake, akaifunga kompyuta.

"Mimi ni mtu wa Rabai," alisema. "Shangazi yangu alikaa na mkwewe hadi meno yakamtoka. Siku nyumba iliposhika moto, mzee amelala ndani, shangazi alisimama mlangoni anapiga kelele, 'Ewe mwenye usingizi, toka!' Moto, jamani, na jina hakulitaja." Akamgeukia Mwaringa. "Mzee, mashine inapangwa. Neno hili halipangwi. Mkazamwana halisemi kwa uongo, kwa maana akishalisema hana pa kurudi. Una la kusema?"

Mwaringa hakumtazama. Alikuwa anamtazama Kahonzi.

"Umenitaja," alisema.

"Nimekutaja, Baba."

Mzee akachukua kofia yake juu ya meza. Ilimshinda kuivaa, akaishika tu mkononi, akashuka ngazi. Mwenye duka akamsalimu. Akampita.

Mutuku akabaki na kazi yake, Kahonzi na yake; Mwaringa alitolewa siku hiyohiyo, ila mlango wa ghala hakuna aliyemfungia. Lakini alipokuwa anakusanya vitu vyake mezani, akamwuliza Kahonzi bila kugeuka:

"Ulijua tangu Jumanne?"

"Nilijua."

"Mimi nimekaa siku zote hizo nadhani nina wazimu." Na tangu hapo akaacha kumwita dada. Humwita Kahonzi, jina tupu, na hakuna kosa lolote katika kumwita hivyo.

Nyumba ya Ganda haikupiga kelele. Ilimwambia tu kwamba mtu aliyemvua mzee nguo hawezi kulala katika ua wa mzee mpaka mambo yasafishwe: mbuzi, mnazi, na wazee wa pande mbili kuketi. Kambi alimbebea begi hadi barabarani. Walisimama pale kama wageni wawili. "Nitakuja," alisema Kambi, na Kahonzi hakumwuliza lini.

Huko Gede mama yake alimpokea, akampa uji, akamsikiliza hadi mwisho. Mama yule hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Mficha uchi hazai, walisema wa kale," alimwambia. "Wewe umekwenda kuficha uchi wa mwingine, mwenzio akazaa barabarani. Kunywa uji."

Mbuzi alipelekwa. Akarudishwa. Mzee, walisema, hajakataa, ila hajui aanzie wapi. Kabibi alitoka hospitali akitembea kwa kushika ukuta, na Charo, wasemavyo watia chumvi, analia kwa sauti kama honi, kwa hivyo bodaboda wa Langobaya hawana kisingizio tena.

Asubuhi moja Kahonzi alikuwa amekaa kibarazani kwao, akaifungua kazi. Akaona mabadiliko mapya ghalani. Hayakuwa ya Mutuku. "Nimeanza." "Nimekosea." "Samahani." "Nimekosea tena." Na juu yake moja refu, lenye nukta na koma za mwalimu: "Mimi, Mwaringa, nilizima kengele, nikasahau, mama akaumia. Kuanzia leo, mtu akiizima, simu zetu sote watatu zitalia hadi airudishe." Na juu kabisa: "Sasa ni sawa, nadhani."

Kidole cha Kahonzi kilikwenda chenyewe, kwa mazoea, kuzikusanya zile "Nimekosea". Akakirudisha. Akakikalia.

Hapo simu yake ikalia. Haikuwa mlio wa mtu anayepiga. Ilikuwa ni kengele, kubwa, ya kutisha, kuku wakatawanyika na mama yake akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nini hicho? Nani anazaa?" Kahonzi alijua huko Malindi, mbele ya dirisha, simu ya Mutuku inalia vilevile, na Ganda kuna mzee ameizima kengele kwa makusudi, amekaa anaisikiliza ya kwake. Ikalia. Ikalia hadi jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kulikoni. Kahonzi aliishika kwa mikono miwili, wala hakuipunguza sauti.

Kisha ikanyamaza.

"Ameirudisha," alisema.

"Nani?" mama yake aliuliza.

Kahonzi akaitazama barabara inayotoka Malindi. Haikuwa na mtu.

"Babake Kambi," alisema.